Sampuli ilikatwa kwenye kitambaa cha 58, cha kazi kimekuja 44: majora 9 yanatosha mashati 120?

ChakiNyeupe

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa hesabu kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Oda ni mashati 120 ya sare, mikono mirefu, mfuko mmoja kifuani, poplini ya rangi ya maziwa. Sampuli ya saizi L ilikatwa kwenye poplini ya inchi 58 ikala mita 1.55, mteja akaipitisha. Dukani 58 ya rangi hiyo imekwisha, iliyobaki ni ya 44, jora la yadi 30.

Hesabu niliyopiga: ukitoa nusu inchi kila ukingo, 58 inabaki 57 na 44 inabaki 43. Kwa hiyo 1.55 × 57 ÷ 43 = mita 2.05 kwa shati. Mara 120 ni kama mita 247. Jora la yadi 30 ni mita 27.43, ndiyo majora 9, na yameshanunuliwa. Mkataji kayatazama tu, anasema hapo atatoa mashati 108, yaani 12 hayapo. Nani kakosea hapa? Na hiyo sampuli irudiwe, au ile ya 58 inatosha?

---

MezaNdefu

Mkuu, uliyepiga hesabu hujakosea kugawanya, ulichokosea ni kudhani kitambaa ni maji, kwamba chombo kikiwa chembamba yatapanda juu tu. Kipande cha shati hakimiminiki. Ama kinaenea kwenye upana, ama hakienei, na kisipoenea kinahamia mstari mwingine na urefu wake wote.

Chukua hiyo L yako. Tuseme kifua cha shati lililokwisha ni sm 116, robo yake 29. Kipande cha mbele, pamoja na mkanda wa vifungo na akiba ya mshono, kinafika sm 35. Nusu ya mgongo, ule unaokatwa kwenye mkunjo, sm 30. Jumla 65.

Kitambaa cha 58 ukikikunja kati kwa urefu, una inchi 28.5 za kufanyia kazi, sm 72.4. Mbele na mgongo vinalala ubavu kwa ubavu na nafasi inabaki. Urefu wa mbele ni sm 82, baada yake unaweka mkono sm 62, kando ya mkono inabaki kama sm 25 ya kuingiza vipande vya mabegani na kola. Ongeza sm 10 kwa mfuko na kafu (mikanda ya ncha za mikono), unapata hiyo 1.55 yako.

Sasa kunja 44. Una inchi 21.5, sm 54.6. 65 haiingii kwenye 54.6, hata uombe. Mbele inalala peke yake, sm 82. Mgongo unafuata, sm 76 kwa sababu mabega yamekatwa kando. Mkono 62. Jumla sm 220. Vidogo vyote vinaingia kwenye ule ukanda wa sm 19 kando ya mbele na ule wa 24 kando ya mgongo. Mita 2.20 kwa shati, jora linatoa mashati 12, mara 9 ni 108. Mkataji wako yuko sahihi, kwa mkato wa kukunja.

Ndiyo maana upana unaruka, haupandi taratibu. Shati la mtoto lenye kifua cha sm 80: mbele 26, nusu mgongo 21, jumla 47. Hilo linaenea vizuri kwenye 44 iliyokunjwa. Anayeshona sare za shule za msingi haoni tatizo lolote na 44, akipata oda ya walinzi ndipo anashangaa kitambaa kimeenda wapi. Ruko lingine liko juu: kwenye 58 XL inaingia (37 + 32 = 69), XXL haiingii (39 + 34 = 73 kwenye 72.4). Nusu sentimita tu, na shati moja linaongeza karibu mita nusu. Kwenye kitambaa cha 60 kilichokunjwa una sm 74.9 na XXL inapita. Kwa hiyo usikubali dukani wakikwambia "58, 60 ni kitu kimoja".

---

KolaNgumu

MezaNdefu kamaliza upande wa mkunjo. Ila wakuu, mashati 120 kwa nini yakatwe kwenye mkunjo? Mkunjo ni wa shati moja moja, la mteja mmoja. Oda tandaza kitambaa wazi, upana mzima, na upange mashati mawili kwenye maka moja (nasema ule mchoro wa vipande vyote unaolazwa juu ya kitambaa).

Kwenye 44 wazi una inchi 43, sm 109. Mashati mawili ya L yana vipande vya mbele vinne vya sm 35, migongo miwili ya sm 60, mikono minne ya kama sm 47. Panga hivi:

Mstari wa 1: vipande vya mbele vitatu, 105. Urefu 82.
Mstari wa 2: mgongo na kipande cha mbele kilichobaki, 95. Urefu 82.
Mstari wa 3: mgongo wa pili na mkono mmoja, 107. Urefu 76.
Mstari wa 4: mikono miwili, 94. Urefu 62.
Mstari wa 5: mkono wa mwisho, na pembeni yake sm 62 zote ni za mabega, kola na kafu. Urefu 62.

Hapo ni sm 364. Vidogo vya mashati mawili haviishi vyote kwenye mianya, weka sm 16 zaidi: mita 3.80 kwa mawili, 1.90 kwa shati. Ongeza sm 2 kila ncha ya tabaka kwa kukata, inakuwa 3.84. Jora la 27.43 linatoa matabaka 7 na kubaki sm 55. Majora 9 ni matabaka 63, mashati 126. Yaani yale yale majora yanayotoa 108 kwa mkunjo yanatoa 126 yakitandazwa.

Mambo matatu yanayoharibu kazi hapo:

Pateni (karatasi za kuchorea vipande) za nusu hazifai. Mgongo, kola na mabega vichorwe vizima kwenye karatasi ngumu. Fundi aliyezoea mkunjo huwa anachora nusu, anageuza, anachora nusu ya pili, na katikati panapinda milimita chache kila mara.

Kushoto na kulia. Kitambaa kikiwa kimetandazwa sura juu matabaka yote, kila tabaka linatoa kilichochorwa tu. Ukichora mbele zote nne zikitazama upande mmoja, utapata kushoto 240 na kulia sifuri. Geuza pateni mbili, andika KU na KL juu yake. Mikono vivyo hivyo.

Na usitandaze matabaka 60 mara moja kama unakata kwa mashine ndogo ya duara. Kisu cha duara kikipita kwenye kona, tabaka la chini linabaki nyuma ya la juu, kwapa za chini zinatoka ndogo. Mafungu manne ya matabaka 15 yanatosha. Bandika namba kwenye kila tabaka ili shati lishonwe kwa vipande vya tabaka moja. Rangi ya maziwa hubadilika jora kwa jora, na wakati mwingine ukingoni na katikati hazifanani.

---

ChakiNyeupe

Ahsanteni sana. Kumbe ni hivyo. Maswali mawili: saizi si L zote, ziko S, M, L, XL. Na la sampuli bado halijajibiwa.

---

KolaNgumu

Kuchanganya saizi ndiko kunakookoa kitambaa chembamba. Mbele tatu za XL ni 111, hazienei kwenye 109. Mbele mbili za XL na moja ya S ni 37 + 37 + 32 = 106, zinaenea. Mgongo wa XL 64 na mkono wa XL 49 ni 113, haviingii. Weka mkono wa S wa 43, unapata 107. Kwa hiyo XL ioane na S, L ioane na M. Usiweke XL na XL kwenye maka moja ya 44 kama si lazima. Hesabu yangu ya L mbili ichukulie kama wastani, kisha chora maka zako halisi na upime kwa futi kamba kabla ya kuahidi chochote.

---

Mama Bobini

Niingie kwenye sampuli, maana hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Sampuli huwa inajibu maswali mawili tofauti na watu wanayachanganya. La kwanza, je, shati linakaa mwilini? La pili, je, linakula kitambaa kiasi gani? La kwanza halitegemei upana. La pili linategemea upana kuliko kitu kingine chochote. Sampuli ya 58 imejibu la kwanza, la pili imejibu kwa 58 tu.

Hata hivyo kitambaa cha upana mwingine mara nyingi si kitambaa kile kile kilichokatwa chembamba. Ni kufuma kwingine, uzi mwingine. Kata kipande cha sm 10 kwa 10 cha kila kimoja, pima kwenye mzani wa gramu wenye desimali mbili, zidisha kwa 100, unapata gramu kwa mita ya mraba. Zikitofautiana sana, kola itakaa tofauti na ile mteja aliyoipitisha, na hapo lazima ashonewe nyingine aione.

Kisha kipimo cha kurudi, yaani kitambaa kusinyaa kikifuliwa. Chora mraba wa sm 50 katikati ya kitambaa, mbali na ukingo, fua kama mvaaji atakavyofua, kausha, piga pasi bila kuvuta, pima tena pande zote mbili. Ikisoma 48.5 kwenye upana, kimerudi asilimia 3. Shati la 116 litakuwa 112.5 baada ya kufuliwa, yaani karibu nusu saizi imepotea. Dawa ni kupanua pateni, lakini angalia kinachotokea: mgongo na mkono vilivyokuwa 107 vinakuwa 110, na kitambaa chako ni 109. Ule mstari wa 3 wa KolaNgumu umekufa. Ukisema utakiloweka kitambaa kwanza ndipo ukate, sawa, ila na chenyewe kitapungua upana: 109 itakuwa 106. Kwa hiyo kipimo hiki kifanyike kabla ya maka, si baada.

Kwa hiyo jibu: usirudie sampuli ya vipimo, lakini kata shati moja kutoka kwenye jora lenyewe la kazi, lishone lote, lifue, lilinganishe na lililopitishwa.

Na kadi ya sampuli isiandikwe "mita 1.55" peke yake. Iandikwe: upana mzima 58, upana wa kukatia 57, mkato wa mkunjo, saizi L, shati moja, kitambaa hakina upande (pateni yaweza kugeuzwa kichwa chini), mita 1.55. Bila hayo namba hiyo haina maana kwa mtu mwingine, na kwako mwenyewe baada ya miezi miwili.

Bei pia msiitazame kwa mita. Tuseme 58 ni shilingi 6,000 na 44 ni shilingi 4,500. Shati la 58 kwa mkunjo ni 1.55 × 6,000 = 9,300. La 44 kwa mkunjo ni 2.20 × 4,500 = 9,900, kitambaa cha "rahisi" kimekuwa ghali. La 44 lililotandazwa ni 1.90 × 4,500 = 8,550. Ni kitambaa kile kile na bei ile ile, kilichobadilika ni meza.

---

UziMrefu

Mama Bobini kasema vizuri. Niongeze kuhusu kupima upana wenyewe, maana watu hupima mara moja dukani, tena kitambaa kikiwa kimekazwa kwenye jora.

Fungua mita mbili tatu, laza mezani, acha kitulie bila kuvutwa, pima ukingo hadi ukingo kwa pembe mraba. Rudia katikati ya jora na mwishoni. Andika ndogo kuliko zote. Halafu toa ukingo: si nusu inchi kila mara. Vitambaa vingi vina matundu ya pini za mashine ya kukaushia, yanaweza kuingia ndani hadi sm 2, na kipande kikiangukia hapo matundu yanaonekana hata baada ya pasi. Upana wa kukatia ni kutoka tundu la ndani hadi tundu la ndani.

Maka huchorwa kwa jora jembamba kuliko yote. Au yapange mafungu mawili na kila fungu lipate maka yake. Kwa mpango wa KolaNgumu uliobana ni mstari wa 3, 107. Jora lenye inchi 42 za kukatia lina sm 106.7, ncha ya mkono itaning'inia nje milimita 3. Kuna mkataji atakayesema "milimita 3 si kitu". Milimita 3 za ukingo mgumu kwenye mshono wa kwapa zinakunja mshono wote baada ya kufua, maana ukingo unarudi tofauti na kitambaa.

Kwa wanaoshona tisheti, upana una tabia nyingine. Kitambaa cha jezi huuzwa kwa kilo, na mita kwa kilo ni 1,000 ÷ (gramu kwa mita ya mraba × upana kwa mita). Jezi ya gramu 180 yenye upana wa 1.75: 180 × 1.75 = gramu 315 kwa mita, kilo moja ni mita 3.17. Ikija na 1.65 kwa gramu zile zile, kilo ni mita 3.37. Inaonekana umepata zaidi, lakini kipande cha mwili cha sm 58 mara tatu ni 174: kwenye 1.75 kinaingia kwa taabu kama kingo ni safi, kwenye 1.65 unabaki na viwili na ukanda wa mikono. Tena jezi pana sana kwa gramu zake mara nyingi imevutwa kiwandani. Ifungue, iache ilale usiku mzima bila uzito juu, pima asubuhi. Ikipungua sm 4 au 5 hapo mezani, ungeikata jana ungekuwa umekata tisheti zitakazokuwa nyembamba mikononi mwa mteja.

---

Pindo na Mji

Na vitenge je? Hapo hesabu zote hizi zinapata mpinzani, ua.

Kitenge huwa inchi 44 hadi 47 hivi, kwa hiyo kinafanana na poplini yenu ya 44. Ila ua likiwa na juu na chini, huruhusiwi kugeuza pateni kichwa chini ili miinuko iingie kwenye mabonde. Sketi ya vipande sita vilivyopanuka chini, ambayo kwenye kitambaa kisicho na ua ungepanga kimoja juu kimoja chini, kwenye kitenge cha ndege au mti inabidi vyote visimame. Na ua kubwa likitakiwa katikati ya kifua, usipime kwa kipande, pima kwa marudio ya ua: kila kipande kinasogea hadi ua linalofuata.

Sketi ya duara kamili ni mfano mzuri wa ruko la upana. Kiuno 70, urefu 60: nusu kipenyo cha kiuno 11, jumla 71, weka 72 na pindo jembamba. Duara zima linataka upana wa 144, kwenye 58 yenye 144.8 za kukatia linapita kwa mita 1.45. Kwenye 44 duara haliingii, unakata nusu mbili. Ukizipanga mfululizo ukingo mmoja ni mita 2.88. Ukizipanga zikitazamana, moja ukingo huu na nyingine ukingo ule, kwa upana wa 112 zinatosha kwenye mita 2.35 hivi, na kwa 109 ongeza kama sm 4. Lakini zikitazamana moja imegeuka, kwa hiyo ni kwa kitambaa kisicho na upande tu.

Khanga ndiyo kali zaidi, maana ina pindo pande zote, mji katikati na jina. Ni kama sm 150 kwa 110, na jina linakwenda na upande mrefu. Mteja akitaka gauni ambalo jina linasomeka chini, urefu wako wote ni 110, haujadili. Gauni refu la sm 140 kutoka begani lazima liwe na kifua cha kipande kingine. Doti moja: khanga ya kwanza mbele, ya pili mgongo, kifua kitoke kwenye mabaki ya pembeni, na upime kwanza kama yapo.

---

ChakiNyeupe

Majora yamepimwa yote tisa kama UziMrefu alivyosema. Manane yana inchi 44 kamili mwanzo, kati na mwisho. Moja linasoma 42.5, ukingo ukitoka ni 41.5. Kipimo cha kufua kimerudi chini ya sm nusu kwenye 50 ya upana. Hilo jembamba nilirudishe?

---

MezaNdefu

Ukiweza kulibadilisha, badilisha. Wakikataa, oda bado inakamilika.

Manane kwa maka ya wazi: matabaka 7 × 8 = 56, mashati 112. Yanabaki 8. Jembamba lisiguse maka hiyo kabisa, likate kwa mkunjo: 41.5 nusu yake ni inchi 20.75, sm 52.7. Mbele 35 na bega 12 kando yake ni 47, linaenea. Mgongo 30, unabaki na 22 za kola na kafu. Mkono 47, unaenea. Mashati 8 × 2.20 = mita 17.6, inabaki karibu mita 10 ya kufidia vipande vyenye dosari. Hayo 8 yawe ya L au M, XL zibaki kwenye majora mapana. Na yafungwe mafungu yake peke yake, vipande vyake visichanganyike na vya majora mengine mezani.

Na huko kurudi sm nusu kwenye 50 ni asilimia 1. Mstari wako wa 3 unakuwa 108, na una 109. Chora kwa penseli iliyochongwa, si kwa chaki nene.